Siku moja kibandani kwangu Buguruni (nyie mnaosema wakala wa hela za simu anakaa tu kivulini anahesabu hela)

Juzi kuna kaka kaja kutoa hela akaniangaliaaa, akasema "dada kazi yako raha, unakaa kivulini unashika hela kutwa nzima." Sikumjibu maana nilikuwa katikati ya kuhesabu na nikipoteza hesabu naanza upya. Hela nazishika kweli, ila sio zangu, zikipungua ndo zinakuwa zangu. Basi nimeamua niandike jana ilivyokuwa, Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo mawakala wote tunaijua.

Saa 11 alfajiri naamka Gongo la Mboto, nanawa, natoka. Daladala nimesimama mpaka mwisho, kwapa la mtu puani, sina la kuongeza hapo.

Saa 12 na nusu nafungua kibanda. Kabla hata sijafuta vumbi nahesabu. Keshi 620,000, floti, yaani hela iliyomo kwenye simu, kwenye laini zote nne ukijumlisha 880,000, jumla milioni moja na nusu ya bosi, naandika kwenye kaunta buku na saa. Kwa msiojua iko hivi: mtu akitoa, keshi inashuka floti inapanda, akiweka au akinunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) inakuwa kinyume chake, ila ile jumla haitakiwi kusogea. Ikisogea chini inaitwa shoti na shoti inakatwa kwenye mshahara wangu. Ikisogea juu usifurahi, kuna mtu kesho anakuja analia.

Saa 1 kijiwe kinajaa. Pembeni yangu upande mmoja kuna mama wa chai na chapati, upande wa pili maboda wanapaki, kwa hiyo mimi sina haja ya redio. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo za mafuta, zinaanza kutumika saa 6 na dakika moja usiku, asubuhi hiyo kila boda ni mchumi. Jana ilikuwa imeshuka, kidogo tu, hela ya kununulia pipi. Boda mmoja wa kofia ya Yanga akasema afadhali, nyie mmesahau Agosti 2022, lita hapa Dar ilifika 3,410, nilikuwa nabeba abiria huku nalia ndani ya helmeti. Mama wa chai wala hakugeuka, anageuza chapati yake, akamuuliza "na wewe mbona ilipopanda ulinipandishia kwenda sokoni kutoka buku hadi buku na mia tano, sasa imeshuka, nirudishie basi ile mia tano yangu."

Kijiwe chote kikalipuka. Boda akajitetea weee, mara tairi, mara oili, mara hesabu ya bosi, akaona anazama akageuza kibao: "Na wewe chai yako? Sukari ilipoadimika ukatoa chai mia tatu ukaipeleka mia tano, sukari imerudi, chai mbona haijarudi?" Hapo nilimeza mate maana kweli. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zimelowesha mashamba, miwa haivuniki, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya rejareja kati ya 2,700 na 3,200, huku kwetu dukani unauziwa 4,000 na mwenye duka anakupimia kama anakuonea huruma. Mama wa chai alipandisha siku ileile. Jana alichojibu ni "sukari imeshuka, mkaa umeshuka?" na hapo wote wakanyamaza, mkaa hauna mtetezi. Chai imebaki mia tano, boda buku na mia tano, na mimi niliyekunywa chai na jioni kupanda boda nimepigwa kote kote.

Saa 2 mpaka saa 4 ni kuweka, kutoa, kuweka, kutoa, vocha, namba ya wakala ni hii hapa imebandikwa, ndiyo kaka, jina limekuja, weka namba ya siri, asante, anayefuata. Katikati ya hao wa miamala kuna wa chenji. Jamani chenji. Mtu hana shida na kibanda chako, anakuja na noti ya elfu kumi "dada nichenjie", ukimwambia sina anachungulia kwenye droo yako kabisa, "si hizo hapo?" Konda anachenji kwangu, muuza nyanya kwangu, mwenye duka kubwa kuliko kibanda changu mara ishirini anatuma mtoto kwangu.

Saa 5 akaja yule baba.

Nimempa shikamoo vizuri, ni mtu mzima, shati limenyooshwa, kashika kikaratasi cha namba ya mita kimekunjwa mpaka kimechanika katikati. LUKU ya elfu tano. Nikamsomea namba mara mbili, akasema ndiyo, nikanunua, hela imekatika kwenye floti, tokeni (zile namba za kuingiza kwenye mita) haijaja. Inatokea, mtandao ukizingua (wa kampuni gani siwatajii) meseji inachelewa. Nikamwambia baba subiri kidogo itaingia. Akasubiri dakika tatu. Baada ya hapo kila anayekuja anamsimulia, "mimi nimeshatoa hela, huyu binti anasema eti haijaja." Eti! Foleni inaongezeka, kuna mama mwenye mtoto mgongoni anataka kutuma 15,000 Lindi kwa mgonjwa, baba yule kasimama dirishani mlangoni kote, ukimwomba asogee anasema akisogea nitamkana. Dakika ishirini. Nahudumia watu kwa kupitisha mkono chini ya kwapa lake.

Tokeni ikaingia. Nikashusha pumzi, nikamwandikia zile namba ishirini kwenye karatasi mpya, nne nne ili asikosee, nikampa. Akasoma. Akageuza nyuma. Akasema "uniti ngapi hizi?" Nikamwambia tisa nukta nane. "Elfu tano uniti tisa?"

Nikajua tumeisha, maana ni mwanzo wa mwezi.

Kwa mlioko mbali, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, na inachukuliwa ukinunua umeme mara ya kwanza ndani ya mwezi. Elfu tano toa 1,500 inabaki 3,500, kwa wale wasio kwenye tarifu ndogo ya watumiaji wadogo uniti moja ni kama 356 na kodi zake, piga hesabu utapata hiyo hiyo tisa nukta nane. Mimi hesabu hii naijua kuliko wimbo wa taifa. Sasa kilichoharibu kabisa ni kwamba kwenye meseji haikuandikwa kodi ya jengo, imeandikwa kwa Kizungu kwamba ni deni limekusanywa, na kuna kijana kwenye foleni mwenye kiherehere akamtafsiria.

"DENI? Mimi? Nadaiwa na nani?"

Jamani. Mtu mzima aliyevaa shati la kunyoosha kaambiwa anadaiwa mbele ya maboda. Nikaeleza, baba hilo sio deni lako, ni kodi ya jengo. Hapo ndo nikamwaga petroli. "Jengo gani? Mimi mpangaji! Nina chumba kimoja pale Malapa, choo tunashea watu wanane, nimejenga wapi mimi?" Na jamani hapo ana hoja, tena hoja kubwa, nami ningekuwa sina foleni ningelia naye. Mama wa Lindi akamwambia baba hiyo unakata kwenye kodi ya chumba, serikali ilishasema mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane. Boda wa Yanga akacheka, "kamwambie mwenye nyumba wako umkate 1,500 uone kama leo hujalala na godoro nje." Wakaanza kubishana wao kwa wao, nani mwenye nyumba mwenye roho nzuri Buguruni hii, hakupatikana.

Baba kagoma kuondoka. Anataka 1,500 yake na anaitaka kwangu, kwa sababu hela kanipa mimi. Nikamwonyesha simu, nikamwonyesha kaunta buku, nikamwonyesha ile meseji, akasema "nyie mawakala mnajuana na hao." Hilo neno silipendi na silizoei. Julai 2021 tozo ya miamala ilivyoanza nilikuwa kwenye kibanda hikihiki, muamala mkubwa unakatwa mpaka 10,000 ya tozo peke yake, watu walinitukana mimi hapa dirishani kana kwamba bajeti niliisoma mimi. Septemba wakapunguza asilimia 30, hakuna aliyerudi kusema dada samahani. Kwa hiyo nilimjibu kwa adabu lakini kwa sauti, baba hiyo 1,500 nikikupa inatoka kwenye chakula changu cha mchana, nikupe? Akaniangalia. Akaangalia sufuria la mama wa chai, sijui kwanini. Akakunja karatasi, akaondoka bila kuaga, na saa ilikuwa inakaribia 6 na nusu.

Mama wa Lindi hela yake ilifika. Nimesema niliandike hilo.

Mchana keshi ikaisha maana mwanzo wa mwezi kila mtu anatoa, hela yote imehamia kwenye simu, nikakimbia kwa wakala jirani kubadilishana, yeye kajaa keshi hana floti mimi kinyume chake, huyo dada ndo benki yangu. Nimekula wali saa 9, umepoa. Wakati natafuna akaja bibi mmoja anataka kutuma 80,000, mkono unamtetemeka, nikamuuliza unamtumia nani bibi, akanipa simu nisome: "ile hela tuma kwenye namba hii jina litakuja...". Nikamuuliza hii ni namba ya nani, akasema mjukuu wake kabadilisha laini. Nikamwambia ngoja tumpigie mjukuu kwa ile namba ya zamani. Kapokea. Hajabadilisha laini wala hajaomba hela. Bibi akakaa kwenye kiti changu kabisa, akavua viatu, akaomba maji. Kamisheni ya ule muamala nimeikosa na roho yangu nyeupe.

Kuanzia hapo saa sizikumbuki vizuri. Kulikuwa na jua la jioni linaloingia moja kwa moja dirishani, kulikuwa na mtu aliyekosea namba anataka nimrudishie hela mimi, nikamwambia piga huduma kwa wateja saa hii hii kabla huyo jamaa hajatoa, kulikuwa na ubishi wa Simba na Yanga, bado kuna shabiki wa Simba anasema ile derby ya Machi 8, 2025 ingechezwa siku yake wangeshinda, ikaahirishwa ikachezwa Juni 25 wakafungwa mbili bila, wenzake wanamwambia ungeiwekea bondi. Mgongo unauma. Usiku watu wengi zaidi. Chenji tena.

Nimefunga saa 3 kasoro. Nahesabu, 1,495,500. Nikarudia. Nikarudia tena kwa tochi, nikakagua kaunta buku mstari kwa mstari, imekataa. Shoti 4,500, kodi ya jengo ya miezi mitatu. Nahisi ni kwenye chenji.

Boda mpaka kituoni, ile ile buku na mia tano.

Nimefika home geti lipo wazi, uani giza, mita inapiga kelele tii tii tii. Tuko wapangaji sita mita moja, na mwezi huu zamu ya kukusanya hela ya umeme ni yangu, nilisahau, mimi niliyeuza LUKU kutwa. Wote wako nje kwenye mikeka wananisubiri. Nikanunua elfu kumi kwa simu yangu tuje kuchangiana, ikaja ishirini na tatu badala ya ishirini na nane, nikawasomea. Kimya. Yule mwenye friji akajisogeza kwenye mkeka, akaniambia kwa upole kabisa, "dada, si wewe wakala? Huwezi kutupitishia pembeni hiyo 1,500?"