Bayasi ya saa sita usiku

Baba mdogo alipiga gitaa la solo hapa Tabora, mji uliotoa Kiko Kids na Tabora Jazz, na kutoka enzi zile amebaki na kitu kimoja tu: amplifaya ya Kiingereza, wati 50, inayokuza sauti kwa valvu, vile vichupa vya kioo vinavyopata moto. Aliniletea hapa mtaani Isevya, imefungwa kwa khanga. "Mwanangu, hii inanguruma halafu inazima."

Valvu moja ya nguvu ilikuwa imekufa, wala haikuhitaji mita. Ule mpako wa rangi ya fedha ulio juu ndani ya kioo ulikuwa umegeuka mweupe kama maziwa. Hewa imeingia, basi. Mwenzake ilikuwa bado nzima, ila sikuirudisha, kwa sababu valvu hizi, aina ya EL34, hufanya kazi wawiliwawili, na mikondo yake ikipishana sana spika inanguruma hata gitaa likiwa kimya. Jamaa mmoja alinishauri niweke KT88, valvu kubwa zaidi, ili nipate nguvu zaidi. Nilikataa. Transfoma za humo ndani zilisukwa kwa ajili ya EL34.

Jozi ya kwanza niliyoagiza iliandikwa kwamba zimelinganishwa. Nilipopima, moja ilivuta miliampea 41, nyingine 24. Nikairudisha kwa muuzaji, na ya pili ndiyo ikafaa. Zile valvu ndogo za mbele, ECC83, zinazopokea sauti ya gitaa kwanza, hazikunisumbua: chomoa, chomeka, hazina bayasi ya kurekebisha.

Bayasi ni volti hasi unazoipa gridi, ule wavu wa ndani, ili kuizuia valvu isivute mkondo kupita kiasi. Kila valvu nimeiwekea resista ya ohmu 1 kati ya kathodi, sehemu inayotoa elektroni, na bodi ya chuma, kwa hiyo milivolti 1 kwenye mita ni miliampea 1. Spika lazima iwe imeunganishwa muda wote. Na ukizima usiingize mkono: kapasita zinabaki na volti mia nne na ushee. Mimi huzimwaga kwa resista ya kilo-ohmu 10, kisha napima mpaka zishuke chini ya volti 10.

EL34 inavumilia wati 25 kwenye anodi, bamba linalopokea elektroni hizo. Ikiwa imetulia, bila muziki, mimi siipitishi asilimia 70, yaani wati 17.5. Saa moja jioni anodi ilikuwa na volti 392. Gawanya: miliampea 44 na kitu. Nikaweka 44, nikafurahi, nikaenda kula.

Saa sita usiku nikarudi kuizima. Joto lilinipokea mlangoni. Mita ilisoma 56, na anodi volti 455. Hapo ni zaidi ya wati 25 na hakuna aliyegusa waya! Nikapima umeme wa ukutani: volti 238, wakati jioni ulikuwa 205, mtaa mzima ukipika na kupiga pasi. Volti za bayasi nazo zilikuwa zimepanda, lakini hazikutosha kuizuia valvu.

Tangu siku hiyo naweka bayasi usiku wa manane, umeme ukiwa juu kabisa. Kwa volti 455 nikaweka 38. Jioni inashuka hadi 30 hivi, sauti inapungua unono kidogo, na mimi naona bora hivyo kuliko kuchoma jozi ambayo nimeisubiri wiki tano. Wapo mafundi wanaosema weka bayasi umeme ukiwa wa katikati. Hapa kwetu siwaungi mkono, labda kama una stabilaiza nzuri.

Baba mdogo alikuja Jumamosi usiku. Nilimwamkia, nikamvutia kiti, nikaacha mita imebanwa kwenye resista. Alipiga nyuzi mbili za chini polepole, akasubiri ziishe zenyewe. Mita ilicheza, ikarudi 38. Akapiga tena zilezile.