Nilivyomwachisha Sultani dagaa

Kabla hujanicheka, ujue mimi mwenyewe nilikuwa nikiwacheka watu wanaompikia paka.

Nimekulia Tandika, na kwetu paka alikuwa mwajiriwa. Kazi yake panya. Mshahara wake vichwa vya samaki, ukoko wa ugali uliochovywa mchuzi, na sikukuu utumbo wa kuku. Kwa hiyo nilipomwokota Sultani chini ya gari la jirani, hajafika hata urefu wa ndizi mzuzu, nilimlisha kama nilivyoona nyumbani. Nikaanza na maziwa ya ng'ombe. Akaharisha siku tatu mpaka nikajua namzika. Shangazi akasema ni ugeni wa nyumba. Ugeni gani! Paka wengi wakishaacha kunyonya, matumbo yao hayawezi tena sukari ya maziwa. Hilo nimekuja kulijua baadaye sana, pamoja na mengine mengi ambayo ningependa ningeambiwa mapema na badala ya kuambiwa nikapewa hadithi.

Baada ya maziwa nikahamia dagaa wakavu, asubuhi na jioni, miaka minne. Sultani akanenepa, manyoya yanang'aa, wapita njia wanamsifu. Nikawa najiona bingwa wa kufuga.

Jumamosi moja nikamwona anaingia kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, anatoka. Anaingia tena, anatoka. Analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Shangazi akatoa hukumu pale pale: "Huyo kafunga choo, mwanangu. Mpe mafuta ya nazi." Nikampa kijiko kizima, nikalala. Usiku ule ndio ninaoujutia mpaka leo. Asubuhi alikuwa anatapika, na tumbo kwa chini gumu kama embe bichi.

Daktari wa mifugo, kijana aliyesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, alimgusa mara moja tu. Si choo, mkojo umeziba. Paka dume ana njia nyembamba ya mkojo, na ikiziba, siku moja au mbili zinatosha kumuua. Akawekwa mpira wa mkojo, dripu, siku kadhaa kliniki. Ilinitoka laki na kitu. Hicho "kitu" sijakaa kukihesabu, nina moyo mdogo. Ukimwona dume wako anachuchumaa bila kutoa tone, mafuta ya nazi yaache jikoni, mkimbize.

Siku namchukua, daktari akaniuliza, "Kaka, huyu anakunywa maji kiasi gani?"

"Bakuli lake halikauki, daktari."

"Hilo ni bakuli. Nimeuliza paka."

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba wazee wa paka hawa wa nyumbani ni paka pori wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Maji yao mengi waliyapata ndani ya windo, maana panya sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Ndiyo maana paka hana kiu kama ya mbwa. Ukimpa kitu kikavu maisha yake yote, hakimbilii bakuli kufidia. Mkojo unapungua, unakuwa mzito, na madini yanaanza kuganda humo. Dagaa si sumu, alisema, ila kwangu vilikutana vitu viwili: ukavu na madini ya mifupa, tena kila siku.

Wiki za mwanzo Sultani alikula chakula maalumu cha kopo nilichopewa kliniki. Kopo zikaisha, na mfuko nao ukaisha. Mwenye duka mmoja akanishauri nichukue cha mbwa, "ni kilekile, wanabadilisha picha tu." Si kilekile. Paka lazima apate taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, katika chakula chake, na chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa nayo ya kumtosha, kwa sababu mbwa kwa kawaida anajitengenezea mwilini. Paka akiikosa muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unatanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ndio walioonyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo, wengine wakila vyakula vya viwandani vilivyoaminika, walikuwa wamepungukiwa taurini tu. Baada ya hapo viwanda vikaongeza kiasi chake. Nilipomwambia mwenye duka, akanitazama kama nimempigia mahesabu ya roketi.

Sasa tukapatana na daktari: nusu nitanunua chakula chenye unyevu cha dukani, kile ambacho nyuma ya pakiti kimeandikwa ni chakula kamili, si cha nyongeza tu (kuna tofauti, zisome), na nusu nitapika. Kupika kwenyewe si kazi. Kazi ilikuwa Sultani.

Nikamwekea paja la kuku lililochemshwa, laini, hata mimi nilimeza mate. Akalinusa. Akafukia hewani kwa mkono wake wa kulia, kama afanyavyo kwenye boksi la mchanga. Alaa! Nikabadilisha bakuli, akafukia. Mfanyakazi mwenzangu akanipa falsafa yake: "Acha ashinde njaa, tumbo likibana atakula." Nikakaza roho. Siku ya kwanza akanuna juu ya kabati. Ya pili akanigeuzia mgongo. Nikampigia daktari, tena kwa majivuno, kumweleza jinsi nisivyoyumba, na yule kijana mpole akanifokea kama baba yangu. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini mpaka linashindwa kazi. Nani kakwambia umshindishe njaa? Usiku wa saa sita nilikuwa nimepiga magoti jikoni nikimpa dagaa mmoja mmoja kwa mkono. Alikula taratibu, bila haraka, kama mtu anayepokea maombi ya radhi.

Ndipo nikatumia akili badala ya ubabe. Nilichukua dagaa, nikawatoa vichwa, nikawakaanga bila mafuta mpaka wakakauka kau, nikawatwanga kwenye kinu wakawa unga mwekundu wenye harufu ya kuamsha mtaa. Nikautia kwenye kopo la pilipili manga lenye matundu. Siku ya kwanza nikanyunyizia juu ya kuku. Akalamba unga wote, kuku akamwacha safi kama nilivyomnunua! Siku ya pili nikamsaga kuku pamoja na unga, nikapasha moto kidogo ufike joto la panya aliye hai, maana harufu ndiyo inayomvuta paka. Akala theluthi. Ya tatu akala nusu. Kila baada ya siku mbili tatu nikawa napunguza unga kwa chembe, kama muuza maziwa anavyoongeza maji, na bwana mkubwa hakugundua. Ilinichukua karibu mwezi.

Leo sufuria yake ina mapaja na mioyo ya kuku, maana moyo una taurini nyingi. Muuza kuku wangu ananiwekea, nampa elfu mbili tatu, na kila asubuhi lazima aulize, "Bosi, mheshimiwa anakula nini leo?" Ini namtilia kidogo mara moja kwa wiki, likizidi, vitamini A inamlundikia mwilini. Unga wa maganda ya mayai kwa ajili ya kalsiamu, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama, hicho daktari ndiye aliyenipimia kwa Sultani. Wa kwako mwulize wako. Maji yaliyochemshia simwagi kamwe, kwa sababu taurini inayeyukia humo. Namrudishia, na hapo hapo ameshakunywa. Kitunguu wala kitunguu saumu havikaribii sufuria hiyo, vinaharibu damu ya paka. Mifupa iliyopikwa naitoa yote, inavunjika ncha kali. Na bakuli za maji ziko tatu, mbali na chakula. Ile ya bafuni ndiyo anayoipenda, sijui ina nini.

Shangazi alitabiri kwamba paka anayekula kuku hatashika panya tena. Wiki iliyopita Sultani aliacha panya mzima ndani ya kandambili yake. Sikusema kitu, nilienda kucheka chumbani.

Ila kopo bado ninalo. Unga uliisha zamani, na niligundua kwamba bila ule mlio wa kutikisa, Sultani hagusi bakuli. Nikatia punje tano za mchele, nikaziba matundu kwa utepe. Juzi Shangazi akanikuta nimeinama, natikisa kopo tupu juu ya bakuli la paka, chaka-chaka-chaka.

"Mwanangu," akasema, ameshika kiuno, "tambiko gani hilo?"

Nikamwambia asubiri, bado mara mbili.