Huyo Uliyemweleza Simjui

Baba hakukusudia kuniumiza, na hilo nalijua vizuri, lakini tangu Jumanne jioni kauli yake moja imekataa kunitoka kichwani. Tulikuwa sebuleni tukifanya mazoezi ya usaili kama tulivyokubaliana, yeye akiwa mwenyekiti wa jopo na Mama mjumbe wa pili, huku akichambua mchele. Nilibisha hodi, nikangoja kukaribishwa, nikawaamkia wote wawili, nikasimama mpaka nilipoambiwa niketi. Baba akauliza swali ambalo kila aliyekwisha kupita kwenye usaili ameniambia kwamba ndilo la kwanza: "Hebu tueleze kwa kifupi wewe ni nani." Nikatoa jibu nililokuwa nimelikariri, kwamba mimi ni mhitimu wa takwimu mwenye kujituma, ninayeshirikiana vyema na wenzangu, ninayehimili shinikizo la kazi na kuyapa malengo ya taasisi kipaumbele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Huyo uliyemweleza, mwanangu, simjui."

Nikamjibu, "Ndivyo wanavyotaka, Baba."

"Huenda," akasema. "Mimi nakwambia tu kwamba simjui."

Mama hakusema neno, na mpaka leo najiuliza kama ukimya ule ulikuwa wa kuniunga mkono au wa kukubaliana naye.

Wiki hii shemeji yangu amejifungua salama mtoto wa kiume, mpangaji wa chumba cha uani amehama, nami nimeitwa kwenye usaili wa mchujo Dodoma, lakini katika yote hayo nimekuwa nikirudia mazungumzo yale mafupi, nikibadilisha jibu langu kila mara. Mara namwambia kwamba jopo halina muda wa kumjua mtu kwa undani. Mara namkumbusha kwamba yeye alimaliza chuo cha ualimu akapangiwa shule, akafungasha begi akaenda kuripoti, ilhali siku hizi hata walimu wanaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za serikali, kama sisi wengine. Hakuna aliyewahi kumketisha mbele ya watu watano wenye karatasi za alama na kumtaka ajieleze kwa dakika mbili. Kisha naona kwamba hayo yote ni kweli na bado hayajibu alichosema.

Maandalizi yenyewe hayana huruma. Tangazo la kuitwa kwenye usaili linataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita mpaka cha shahada. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi, na kila msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Ambaye jina lake kwenye cheti kimoja halifanani na la kingine anatakiwa kuwa na hati ya kisheria ya kubadilisha jina. Haya nimeyamaliza, na treni ya SGR kutoka hapa Morogoro imeniondolea wasiwasi wa kufika nimechoka. Kwa mtihani wa mchujo wenyewe nimerudia sampuli, uwezekano na rigresheni mpaka nikaridhika.

Kinachonitisha zaidi ni kampuni moja ya Dar es Salaam niliyoomba kazi pia, ambayo haiiti mtu kwa mahojiano peke yake bali kwa siku nzima ya kupimwa. Asubuhi mnafanya jaribio la hesabu na mantiki kwa kompyuta, halafu mnaketi watu sita kuzunguka meza na kupewa tatizo la biashara mlijadili, wapimaji wakiwa pembeni wanaandika bila kusema. Rafiki yangu aliyesoma Mzumbe, ambaye aliipitia siku kama hiyo mwaka jana, anasema wengi hudhani anayezungumza sana ndiye anayepata alama, kumbe wapimaji wanaangalia nani ametunza muda, nani amemvuta aliyenyamaza aingie kwenye mazungumzo, na nani amekubali hoja ya mwenzake ilipokuwa bora kuliko yake. Namwamini, na nadhani ni kipimo cha haki kuliko maswali mengi ya mahojiano, kwa sababu mtu hawezi kukariri namna ya kusikiliza.

Ni wazo hilo la kusikiliza lililonirudisha, Alhamisi usiku, kwenye Sensa ya 2022. Nilikuwa karani, nikizunguka na kishikwambi katika kijiji ambacho sitakitaja, maana kiapo cha kutunza siri nilichokula bado kinanifunga. Mzee mmoja alikubali kujibu kila kitu isipokuwa idadi ya wajukuu, akisema watoto hawahesabiwi, kwa kuwa ukiwahesabu unawaitia mabaya. Sikubishana naye. Nilimwomba anieleze nyumba yake usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti: katika chumba hiki alilala nani, na kwenye mkeka ule nani, na nani aliamka kwanza. Alinipitisha chumba kwa chumba, akiwataja kwa majina na kwa vituko vyao, na nilipotoka hakuna mtoto aliyekuwa amebaki nje ya dodoso. Matokeo yalipotangazwa, kwamba Tanzania ina watu 61,741,120, niliwaza kwa furaha kubwa kwamba wajukuu wale wamo ndani ya namba hiyo.

Hadithi hiyo ilikuwapo muda wote, na Baba alikuwa ameisikia kwa simu usiku uleule. Ijumaa nikamwomba turudie. Safari hii nikasema mimi ni mtakwimu niliyejifunza kazi nyumbani kwa watu kabla ya kuimaliza darasani, nikaeleza hali niliyoikuta, jukumu nililokuwa nalo, nilichofanya na kilichopatikana, kwa mpangilio huo, kwa sababu jopo linatoa alama kwa kigezo na hadithi isiyo na mpangilio haiwasaidii. Ushirikiano na shinikizo sikuyataja, lakini yote mawili yalikuwamo. Baba alisogea mbele kwenye kiti, akasahau kabisa uenyekiti wake, akauliza, "Enhe, na yule mzee alikuaga vipi?"

Sijui kama jopo la Dodoma litauliza hivyo, ila nimeamua kwamba jibu hilo ndilo nitakalokwenda nalo kote kuwili, nikilifupisha kidogo kwa ajili ya Dar es Salaam.

Jambo jingine limenikosesha usingizi usiku wa leo. Baba alipokuwa akisoma maswali niliyomwandikia, aliipeleka karatasi mpaka mlangoni kwenye mwanga, na bado akasoma 2022 kama 2027. Bima yake ya ustaafu ipo, na kliniki ya macho si mbali, lakini anasema tungoje kwanza usaili wangu upite. Mama naye amenidokeza kwamba tangu mwezi uliopita Baba haendi tena msikitini alfajiri, anasema njia ina mawe. Nikienda Dodoma sitakuwa na mtu wa kumshika mkono mpaka kliniki, na dada hawezi kuacha kazi katikati ya wiki.