Siku moja maishani mwangu: nasevu wageni kwenye meli ya mto Danube, na nyumbani tunalima zabibu Dodoma

Saa 11:00 alfajiri

Alamu inanikuta macho. Meli ikiingia loki, yaani kile chumba cha maji chenye milango kinachoshusha au kupandisha meli mtoni, huwa naisikia hata usingizini, injini inapunguza sauti, alafu kimya, alafu ubavu unagusa ukuta wa zege kidogo tu, na mwenzangu wa kebini, Mfilipino, anageukia upande wa pili anaendelea kulala maana yeye shifti yake inaanza baadae. Kebini yetu iko chini kabisa, kidirisha kiko juu kidogo ya maji, kwahiyo ndani ya loki huoni kitu zaidi ya ukuta uliolowa unaopanda mbele ya uso wako, kumbe ni sisi tunashushwa na maji. Hii ni loki ya Melk, Austria.

Watu nyumbani huwa wananiuliza meli ya mtoni ikoje. Hii yetu ina urefu wa mita 135 lakini upana ni mita 11 na nusu hivi, yaani ndefu na nyembamba kama behewa, na sababu ni kwamba loki za ule mfereji unaounganisha mto Main na Danube, uliofunguliwa 1992, zina upana wa mita 12 tu. Ukizidi hapo hupiti. Huku kwenye Danube yenyewe loki ni mita 24, meli mbili zinaingia pamoja ubavu kwa ubavu.

Mimi ni mhudumu wa mgahawa humu ndani, msimu wangu wa tatu. Nyumbani ni Hombolo, Dodoma, mzee wangu analima zabibu. Hilo nalisema mapema kwa sababu bila kulijua hamtaelewa kwanini siku ya leo, kati ya siku zote saba za safari, ndo naisubiri.

Saa 12:15 asubuhi

Napanga bufee ya chai na wenzangu wawili. Mikate, jibini, samaki wa moshi, matunda, mashine ya kahawa inapashwa. Wageni wetu wengi ni wazee waliostaafu, Wamarekani, Waingereza, Wajerumani, wanaamka mapema kuliko sisi. Kuna bibi mmoja ana miaka 80 na kitu, anakuja kila siku kabla hatujafungua, anataka maji ya moto na limau. Siku ya pili ya safari nilimfundisha kwamba kwetu mtu wa umri wake hapewi salamu za mitaani, nikamwamkia shikamoo na nikamwelekeza kuitikia, sasa kila asubuhi ananijibu "marahaba!" kwa sauti mpaka meza za jirani wanageuka. Mi nafurahi sana, nahisi kama nimeanza siku kwa bibi yangu.

Saa 1:00 mpaka saa 3:00

Kifungua kinywa. Mayai, mayai, mayai, kahawa. Tunapita.

Saa 3:30 asubuhi

Wageni wameshuka kwenda kuangalia abasia ya Melk, ile nyumba ya watawa ya rangi ya njano iliyokaa juu ya mwamba, unaiona ukiwa mbali bado. Watawa wa Wabenedikto wako pale tangu mwaka 1089, ila jengo linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1702 na 1736, msanifu aliitwa Jakob Prandtauer na alifariki kabla halijaisha. Mimi nimeingia mara moja tu, nikasimama maktaba mpaka mlinzi akanionesha saa, vitabu karibu 100,000, vimefunikwa ngozi ya rangi moja moja kama sare ya shule.

Sisi huku tunafuta glasi. Watu hawajui kwamba kazi ya mgahawa kwenye meli nusu yake ni glasi. Unaishika kitako kwa kitambaa, unaipitisha juu ya mvuke wa maji ya moto, unazungusha kitambaa cha pili ndani kwa kidole gumba, unainua kwenye taa, ukiona alama ya kidole unarudia. Leo ni nyingi kuliko kawaida sababu leo tunapita Wachau, nchi ya divai, na kila mtu atataka kuonja. Anayesimamia divai humu ndani ni Mromania, kaka mmoja mpole sana, ndiye aliyenifundisha madaraja ya divai nyeupe ya huku. Steinfeder ni ile nyepesi, kilevi hakizidi asilimia 11.5. Federspiel iko katikati, mpaka 12.5. Na Smaragd ndo nzito, kuanzia 12.5 kwenda juu, jina maana yake zumaridi, wamelitoa kwa mjusi wa kijani anayeota jua kwenye mawe ya mashamba. Niliposikia hilo la mjusi nilipenda papo hapo, mtu aliyelipa divai jina la mjusi lazima anashinda shambani.

Saa 6:00 mchana

Tunang'oa nanga Melk. Kuanzia hapa mpaka mji wa Krems ni kilomita 36 hivi, hamna loki hata moja, mto unakwenda wenyewe, na meli ikiteremka na maji inakwenda bila kujikaza. Eneo lote hili lipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Pembeni mwa mto kuna vibao vya kilomita, vinahesabu kuanzia kule mto unakoingilia Bahari Nyeusi, kwahiyo kadri unavyoteremka namba zinapungua, Melk ni 2036 hivi.

Chakula cha mchana leo ni kigumu kusevu maana hakuna anayetaka kukaa chini, wanakula supu na macho yako dirishani, wengine wanabeba sahani wanapanda deki ya juu. Siwalaumu. Linapita kasri la Schönbühel juu ya mwamba wake, yanapita magofu ya Aggstein kule juu kabisa, na upande wa kushoto kijiji cha Willendorf ambako mwaka 1908 kilichimbuliwa kile kisanamu cha mwanamke mnene, urefu sentimita 11 tu, kina umri wa miaka kama 30,000, sasa hivi kipo makumbusho ya Vienna. Alafu kinakuja kijiji cha Spitz, na kilima chake cha mizabibu wanachokiita kilima cha ndoo elfu, eti mwaka mzuri kinatoa divai ndoo elfu moja.

Na hapo ndo huwa nashindwa kuvumilia, nikipeleka trei naangalia mashamba. Ngazi, ngazi, ngazi za mawe kuanzia karibu na maji mpaka msituni juu, kila ngazi ina mistari miwili mitatu ya mizabibu. Mgeni mmoja, mzee wa Kimarekani, akasema kwa mkewe jinsi asili ilivyopendeza hapa. Nikamwambia kwa heshima, mzee, hii siyo asili, hii ni mikono ya watu, wamepanga mawe hayo tangu enzi za watawa, na wanayarudishia kila yanapobomoka. Akaweka uma chini akaangalia upya. Akaniuliza nimejuaje, nikamwambia baba yangu ni mkulima wa zabibu Tanzania, akashangaa, wengi wanashangaa, hawajui kama kuna zabibu Afrika Mashariki na kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati hawa wa huku wanavuna mara moja tu.

Saa 8:45 mchana

Dürnstein. Gati limejaa, tumefungwa ubavuni mwa meli nyingine, wageni wanapita katikati ya ukumbi wa majirani kushuka. Nina mapumziko mpaka saa 11, navua sare, navaa raba, natoka.

Mji wenyewe ni mdogo, dakika kumi umeumaliza, mnara wa kanisa rangi ya bluu na nyeupe, na juu mlimani magofu ya ngome alimofungwa Richard mfalme wa Uingereza, yule waliyemwita Moyo wa Simba, alikamatwa Desemba 1192 akitoka vitani, na Leopold mtawala wa Austria ndiye aliyemweka humo. Wageni wote wanapanda huko. Mimi napinda kulia, naingia kwenye njia ya mashamba.

Ni mwisho wa Septemba, wanavuna. Mashine haiwezi kupanda zile ngazi, kwahiyo ni mkasi mdogo, kreti, na mgongo. Nikamkuta mama mmoja wa makamo na mumewe na vijana watatu. Nikasalimia "Grüß Gott" kama wanavyosalimiana wenyewe, nikasema kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kwamba kwetu tunalima zabibu. Akanipa kichala. Grüner Veltliner, aina ya zabibu ya divai nyeupe ya huku, punje za kijani inayoelekea njano, bado zina joto la jua. Nikala moja, na kabla sijasema kitu yule mama akatia punje mdomoni, akatafuna mbegu, akaitema kiganjani akanionesha, kahawia, kavu. Akatikisa kichwa kukubali.

Jamani. Baba yangu anafanya hivyo hivyo. Wanunuzi wakija na kipimo chao cha sukari yeye ameshatafuna mbegu tangu asubuhi, anasema ikivunjika kama karanga kata, ikiwa ya kijani acha wiki nzima. Nilisimama pale na mbegu mkononi nikashindwa hata kuongea.

Nikashika ukuta. Mawe matupu, hamna saruji, yameshikana kwa kupangwa tu, na ni ya moto. Yule baba akanielekeza kwa mikono, mchana yanakula jua, usiku baridi ikishuka kutoka milimani yanairudishia mizabibu lile joto, na mvua ikinyesha maji yanapita katikati ya mawe bila kusukuma ukuta. Nikapiga picha, kwa sababu shamba letu upande wa chini linaliwa na korongo, kila masika linameza mstari mmoja.

Nikauliza lile swali ambalo lilikuwa linanikaa kooni. Kilo mnauza kwa nani? Mama akacheka, akanyoosha mkono kuelekea upande wa mji. Siuzi kwa mtu, napeleka kwetu. Anamaanisha ushirika wao. Ni familia zipatazo 250, wengine wana kieneo kidogo tu kama chetu, na wakijumlisha wanashika karibu theluthi ya mashamba yote ya Wachau, lakini mashine za kukamulia ni zao, mapipa ni yao, chupa ni yao. Msimu uliopita nyumbani mnunuzi alituahidi siku, akaja baada ya wiki mbili, nusu ya zabibu zilikuwa zimeshaoza mtini, na hizo zilizobaki akataja bei anayotaka yeye. Zabibu haisubiri. Mwenye pa kukamulia anapata mchuzi wa zabibu, yaani ile juisi iliyokamuliwa, anaotunza mpaka bei ikae sawa, asiye napo anapokea chochote. Nimelijua hilo tangu mdogo ila leo nimeliona limesimama mbele yangu na kreti mkononi.

Nikarudi melini mbio, picha nimeshamtumia mzee.

Saa 11:30 jioni mpaka saa 3:45 usiku

Chakula cha jioni, kozi nne, meza zangu sita. Nikimimina Federspiel ya hapa hapa Dürnstein nilimwambia kila mgeni kwamba leo nimegusa ukuta wa divai hii. Bibi wa marahaba alinishika mkono akasema nimwambie zaidi, nikamsimulia habari ya mbegu, akaomba nimwandikie neno Hombolo kwenye leso ya karatasi, akaikunja akatia kwenye pochi.

Saa 4:40 usiku

Miguu inawaka. Tumeshaondoka, tunateremka kuelekea Vienna, kidirishani ni giza na taa moja moja. Nafungua simu, kuna sauti ya mzee, ameituma saa mbili na nusu za huko, nasikia redio nyuma yake.

Hajasema chochote kuhusu meli wala mji. Anasema, mwanangu, hiyo habari ya kiwanda chao nitaisema kwenye mkutano wa ushirika Jumamosi, ila uniandikie vizuri, nani anaweka hela ya kwanza. Na ile picha ya ukuta umepiga kwa mbele. Mkirudi huko piga kwa ubavu, chini kabisa, nione jiwe la kwanza wanalilaza vipi.

Nimemjibu tunapanda tena na mto wiki ijayo, baba, nitapiga.