Kikohozi hicho kimeanza lini?

Huku kwetu Moshi ikifika mwezi wa sita kila mtu anakohoa. Asubuhi baridi, mlima umejifunika mawingu wiki nzima, watoto makamasi, ukipanda daladala ya Pasua ni koh koh mpaka unashuka na hakuna anayeshtuka kwasababu jibu tunalo tayari, baridi hiyo. Baridi ikiisha tunasema vumbi hilo. Mvua zikianza tunasema hali ya hewa imebadilika. Yaani mwaka mzima tuna sababu ya kukohoa, na ndo maana naandika leo, maana hizo sababu zilikaribia kunipotezea kaka yangu.

Kaka alikaa Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, miaka tisa. Mwanaapolo kabisa, yaani mchimbaji, anashuka shimoni, anachoronga mwamba, wanapiga baruti alafu vumbi halijatulia vizuri wanarudi ndani kuangalia kama jiwe limetoka. Aliporudi mwaka juzi mwezi wa saba akaja kukaa kwangu, anakohoa. Mwanzoni kikavu, baadae kikawa cha makohozi. Nikamchemshia tangawizi na limao na asali, akanunua dawa ya maji duka la dawa, ikiisha ananunua nyingine, mpaka ikafika mahali muuzaji akimwona tu anauliza "mangi, ile ile?" na anampa. Hakuna siku aliyomuuliza ameanza kukohoa lini. Na mimi pia sikumuuliza, niseme ukweli.

Siku moja nafagia chumbani kwake nikaziona chupa zimepangwa dirishani, nne tupu na ya tano iko nusu. Chupa moja ilikuwa inamuendea siku tano hivi. Nikasimama na ufagio mkononi nikapiga hesabu, siku ishirini na kitu, na hapo sijahesabu siku za tangawizi. Alafu nikaanza kukumbuka vingine ambavyo macho yangu yalikuwa yanaviona ila kichwa hakiviunganishi: shuka lake kila asubuhi limelowa jasho na ni mwezi wa saba, sisi wengine tunalala na mablanketi mawili, na mkanda wake wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari.

Kesho yake tukaenda hospitali. Nesi akampa kikopo cha plastiki chenye mfuniko akamwambia, "Baba, mate siyataki, nataka kohozi la kutoka ndani kabisa, vuta pumzi ndefu kwanza ndo ukohoe." Akaenda nje kwenye upepo, mbali na watu, akatoa. Siku hizi kuna mashine ya GeneXpert, kohozi likishaingia humo majibu ni kama saa mbili tu, na inaonyesha pia kama mdudu ni sugu kwa rifampicin, ile dawa kubwa ya TB. Majibu yakatoka, TB ipo, ila sio sugu. Wakampiga na eksirei, na hapo daktari akatuonyesha kitu kingine, madoadoa meupe sehemu ya juu ya mapafu pande zote mbili, akasema hili ni vumbi la mawe.

Hili la vumbi nataka nilisemee kidogo kwasababu vijana wetu wengi wako huko. Vumbi la mwamba ni laini sana, linapita puani, linapita kooni, linaenda kukaa chini kabisa kwenye mapafu na mwili hauwezi kulitoa. Unachoweza ni kulizungushia makovu. Pafu lenye makovu halitanuki vizuri, na hakuna dawa ya kulirudisha lilivokuwa. Tena linamfungulia mlango mdudu wa TB, mtu mwenye vumbi la mawe kifuani anaugua TB kirahisi kuliko mwingine. Kuchoronga kwa maji kunapunguza vumbi, na barakoa ya maana inasaidia, sio kitambaa cha kufunga mdomoni.

Kukohoa kwenyewe sio ugonjwa. Ni ufagio wa mwili, unavuta pumzi, koo linajifunga sekunde kidogo, misuli ya tumbo na kifua inakaza alafu inaachia ghafla, uchafu unatoka. Kwahiyo kukohoa kwa nguvu sio lazima kuwe kubaya, mtu wa mafua anaweza kutikisa nyumba nzima na baada ya wiki kapona. Cha kuuliza ni muda na kinachoambatana nacho. Wiki mbili au zaidi, kapime TB, hata kama unajisikia mzima, na kama unaishi na VVU usisubiri hata hizo wiki mbili. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili, ndo usikae kabisa. Damu kwenye kohozi, hata kidogo, ni siku hiyo hiyo. Mtoto anayehema haraka na mbavu zinabonyea ndani, huyo wa kukimbiza, inaweza kuwa nimonia. Kikohozi cha usiku na alfajiri chenye kifua kinachopiga filimbi mara nyingi ni pumu. Na kuna wamama kama mama yetu kule Machame, miaka hamsini anapikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, havuti hata sigara ila kifua chake ni kama cha mvutaji. Hata baadhi ya dawa za presha kama captopril zinaleta kikohozi kikavu, mwambie daktari akubadilishie, usiziache mwenyewe.

Mama aliposikia TB alishika kichwa, kwa wazee wa huku ukisema TB wanasikia Kibong'oto, ile hospitali ya TB ya Siha iliyoanza mwaka 1926, zamani mtu akipelekwa kule ndugu wanaanza kulia. Nikamwelewesha kwamba kaka anameza dawa akiwa nyumbani, miezi sita, bure, hatujalipa hata senti ya dawa. Siku ya kwanza alitoka chooni kashtuka, mkojo wa rangi ya machungwa, kumbe ni dawa tu. Mwanangu wa miaka mitatu akapimwa, hana TB, akapewa dawa za kinga. Vikombe hatukutenga, TB inapita kwenye hewa, tulichofanya ni kufungua madirisha hata na baridi ile.

Kaka alimaliza dozi mwezi wa pili. TB imeisha, vumbi limebaki. Tukipandisha Machame anasimama mara mbili njiani, anashika kiuno, namsubiri.

Juzi kijana wa bodaboda anayenipeleka soko la Memorial na marobota yangu alikuwa anakohoa njia nzima. Nikamuuliza, akajibu "vumbi tu dada." Nikamwambia sijakuuliza ni nini, nakuuliza imeanza lini. Akazima pikipiki, akahesabu kwa vidole, akasema tangu kabla ya Pasaka. Jumatatu asubuhi ananipitia kama kawaida, ila hatuanzii sokoni.