Throtobodi ya IST: nilivyoisafisha nyumbani, na kwa nini sipigi msasa tena

Kwa miezi mitatu gari langu, Toyota IST ya 2003 yenye injini ya 1NZ, lilikuwa linanizimikia kwenye foleni. Barabara ikiwa wazi halina tatizo, linavuta, linapanda mwinuko wa Kimara bila kulalamika. Shida ilikuwa Buguruni, Dar es Salaam, saa saba mchana, AC imewashwa na magari yamesimama. Sindano ya mizunguko ya injini inashuka kutoka 700 hadi 500 kwa dakika, usukani unatetemeka, halafu kimya. Daladala za nyuma zinapiga honi kana kwamba nimezima kwa makusudi. Nikizima AC linatulia, kwa hiyo nikawa naenda kazini madirisha wazi, nafika shati limelowa na limeshika vumbi la malori.

Fundi wa kwanza aliniambia plagi. Nikaweka plagi mpya, hali ileile. Wa pili akasema koili za plagi, zote nne, kama laki mbili na kitu, na kabla sijajibu akachukua bisibisi. "Bosi, kwa leo ngoja nikupandishie silensa uende nyumbani." Silensa ni mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta. Akageuza ile skrubu ndogo, iliyowekewa alama ya rangi kiwandani, inayozuia kipepeo cha throtobodi. Throtobodi ndiyo mlango wa hewa ya injini, na kipepeo ni kibati cha duara kinachoufungua na kuufunga. Siku mbili gari halikuzimika. Siku ya tatu likazimika palepale Buguruni, na asubuhi likawa linaunguruma kama lori.

Skrubu ile isiguswe. Kazi yake ni kukizuia kipepeo kisije kikakwama kwenye ukuta wa tundu kinapofunga. Silensa ya gari hizi inaongozwa na kompyuta kupitia valvu iliyo chini ya throtobodi: kipepeo kikifunga, hewa ya kuliweka gari hai inapita pembeni, kwenye valvu. Ukiwasha AC injini inabeba mzigo, kompyuta inaifungua valvu zaidi. Valvu ikiwa imeganda kwa masizi haifunguki, na gari linazima. Ndiyo maana langu lilikuwa linakufa na AC na kupona bila AC. Dalili yote ilikuwa mbele ya macho yao, na mafundi wawili wakaipita. Bahati yangu, rangi ya ile alama ilikuwa imekatika nusu ikabaki kwenye skrubu na nusu kwenye chuma. Nikairudisha polepole mpaka nusu mbili zikakutana.

Fundi wa tatu alipatia ugonjwa akakosea dawa. "Kaka, throtobodi yako imejaa uchafu. Ifungue, ipige msasa mpaka ing'ae kama kioo, hewa ipite bila kukwama." Lilinipendeza neno hilo la kioo. Ila ya gari langu sikuthubutu kuijaribia, kwa hiyo Jumamosi nikaenda Ilala kwenye vifaa vilivyotumika, nikavutana bei na muuzaji mpaka tukafika kwenye elfu arobaini hivi, nikaondoka na throtobodi ya 1NZ, nyeusi ndani kama sufuria ya kuni.

Kazi niliyoifanya juu ya kile chuma nilikuwa naionea fahari. Jioni tatu mfululizo nilikaa barazani, karai la maji pembeni. Nilianza na msasa namba 400, nikaenda 1000, nikamaliza na 1500 uliolowa maji. Nilisugua ukuta wa tundu kwa kuzungusha kidole, nikasugua kipepeo pande zote mbili, nikasugua na kingo zake. Halafu dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa cha fulana. Mwanangu wa darasa la sita alikuja akachungulia ndani, akasema, "Baba, najiona." Mimi pia nilijiona. Jirani yangu mmoja mzee, dereva wa malori wa zamani, alipita akaishika, akaigeuzageuza, akasema tu, "Mh." Nilidhani ameguswa.

Nikaifunga kwenye gari. Likawaka mara moja, sindano ikaruka hadi 1,400, ikakaa hapohapo. Nikasubiri injini ipate moto. 1,400. Nikatoa waya wa betri, nikarudisha, 1,400. Nikaweka D huku nimekanyaga breki, gari likasukuma mbele kwa nguvu, nikahisi breki inabeba kazi isiyo yake. Nilitoka nalo hadi mwisho wa mtaa, kila nikiachia mafuta linaendelea kwenda. Nilirudi mkono uko kwenye breki ya mkono.

Nikaenda kwa yule mzee. "Shikamoo, mzee. Ile kitu imenikataa." Akaitikia, akaomba throtobodi zote mbili, ile niliyoing'arisha na ile ya zamani ya gari langu. Akaniambia niwashe tochi ya simu. Tuliingia sebuleni, akafunga pazia. Akaiweka ya zamani mbele ya tochi, kipepeo kimefungwa: mwanga ulipita kama uzi mmoja mwembamba, hapa upo, pale haupo. Akaiweka yangu ya kioo. Pete nzima ya mwanga ilizunguka kipepeo, nene, kama jua likipatwa na mwezi.

"Umekula ukingo, mwanangu," akasema. "Hewa inapita hata ukifunga."

Huo ndio ukweli wa msasa. Ukingo wa kipepeo na ukuta wa tundu vimekatwa kiwandani vikutane kwa nafasi ya unywele. Ukivisugua mpaka ving'ae, unaongeza nafasi hiyo. Kompyuta inajitahidi kuifunga valvu ya silensa mpaka mwisho, lakini hewa inapita mlango mkubwa, na injini inapewa mafuta ya kutosha hewa hiyo. Zaidi ya hapo, throtobodi za magari mengine hutoka kiwandani zimepakwa utando maalum kuzunguka ukingo, na mtu akiuona ule weusi anadhani ni uchafu. Akiusugua ndiyo basi. Kinachotakiwa mle ndani ni usafi. Chuma kikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kazi imekwisha.

Jumapili iliyofuata nikairudia ya gari langu, niliyokuwa nimeshairudisha mahali pake. Gari limelala baridi usiku kucha, na hilo muhimu, kwa sababu throtobodi hii inapitisha maji ya rejeta kwenye mipira miwili midogo. Ukiifungua injini ikiwa moto utaungua mikono. Nikatoa waya hasi wa betri, bomba la hewa, soketi za sensa, kebo ya mafuta. Picha za simu nilipiga kila hatua. Ile mipira miwili niliibana na koleo lililofungwa kitambaa, maji yaliyomwagika hayakujaza kikombe. Tundu la injini nililiziba kwa tambara kubwa. Tumia moja, kubwa, linaloonekana, usiweke vipande vidogo.

Sasa ile valvu ya silensa. Imeshikwa kwa skrubu za msalaba, na Wajapani wana msalaba wao: unafanana na wa kawaida kwa macho, ila bisibisi za kawaida hazikai mpaka chini, zinateleza na kula kichwa. Zote zilitoka isipokuwa moja. Ile moja nilihangaika nayo karibu saa nzima, kichwa kikaanza kuviringika, moyo ukaniruka. Nikakumbuka kwamba mafundi wanaosaga valvu za injini wana dawa ya kusagia, ile nzito yenye chembe kama mchanga. Nikamtuma kijana dukani, akaja na kikopo kidogo. Nikapaka kidogo tu kwenye ncha ya bisibisi, nikaiingiza, nikaigonga kwa nyundo mara tatu nne ili ishtue kutu, kisha nikasukuma chini kwa uzito wa mwili wote na kugeuza taratibu. Zile chembe zikauma chuma. Ikatoa mlio wa "tak!" ikaachia. Nilipiga kelele mpaka mama watoto akatoka jikoni kuuliza nani kaumia. Nikaifuta ile dawa yote kabla ya kuendelea, maana chembe moja ikiingia kwenye injini inasaga kisichotakiwa kusagwa.

Ndani ya valvu palikuwa na lami. Si masizi makavu, lami kabisa, ya mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini kupitia bomba la kupumulia. Miaka na miaka haijafunguliwa. Hapo sikupulizia kaba klina, ile dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, moja kwa moja, kwa sababu kuna sumaku na waya upande wa pili, na sensa ya kipepeo nayo haipendi kuloweshwa. Nilipulizia kwenye kitambaa cha fulana na kwenye mswaki laini, nikafuta, nikarudia, nikatumia pamba za masikio kwenye pembe. Kopo moja la kama elfu kumi lilitosha na likabaki. Kazi hii ifanyike nje penye hewa, mbali na jiko la mkaa, na tafadhali msitumie petroli kwenye beseni kama nilivyoona kwenye gereji moja, mtu anasafisha huku mwenzake anavuta sigara.

Kipepeo nilikishika wazi kwa kidole na kuufuta upande wa nyuma, ambako uchafu ni mwingi kuliko mbele. Watu wengi wanapulizia kupitia mbele, wanaona panapendeza, wanafunga. Nyuma pamebaki palepale. Gasketi yangu ilikuwa bado laini, lakini niliweka mpya, bei yake ya kawaida sana. Sensa ya hewa kwenye boksi la ea klina (chujio la hewa) sikuigusa kwa kaba klina. Ile ina dawa yake.

Kuwasha ilichukua mizunguko mirefu ya stata, kisha moshi mweupe kidogo wenye harufu kali, kisha sindano ikapanda 1,200. Sikushtuka, injini ilikuwa baridi. Nikaongeza maji kwenye rejeta, nikaliacha lipate moto. Ikashuka 1,000, 800, ikasimama 700. Nikawasha AC. Ikatikisika kidogo, ikarudi 700. Nikawasha taa na feni ya mwisho. 700.

Jumatatu nilipita Buguruni saa saba kwa hiari yangu. Foleni ilikuwa imeganda, madirisha yangu yamefungwa, baridi ndani, nikakaa dakika arobaini nikiitazama ile sindano.

Throtobodi ya kioo ipo juu ya kabati la zana. Wiki iliyopita kijana wa mtaa wa pili alikuja na msasa mkononi, tayari ameshafungua ya Vitz yake. Nikampa ile na tochi, nikafunga pazia.