Malengo ya Kidato cha Pili

Jumatano usiku, Tanga

Jioni nzima nimekuwa na madaftari ya Kidato cha Pili. Kila mwanafunzi ameandika lengo lake la mazoezi kwa muhula huu. Wavulana wengi wanataka kifua kipana. Wasichana kadhaa wameandika "nipungue", basi. Neno hilo limenikaa moyoni. Mtoto wa miaka 15 bado anakua, na mzani haujui kama moyo wake una nguvu.

Ndiyo maana kipindi cha leo tulikianzia kwenye mapigo. Kila mmoja alijishika kifundo cha mkono, akahesabu kwa sekunde 15, akazidisha kwa 4. Wakaruka kamba, wakahesabu tena. Wakapumzika, wakahesabu tena. Waliona wenyewe nani moyo wake unatulia upesi. Lengo la namna hiyo linapimika: mwezi ujao niruke muda gani, na nitulie baada ya dakika ngapi.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka wenye miaka 5 hadi 17 wafikishe wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani hadi makali kwa siku, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Darasa liliguna. Lakini dakika hizo si lazima zije kwa mkupuo. Anayetoka Mabawa kwa baiskeli, akakaza mwendo hadi kuongea anaweza ila kuimba hawezi, ameshaanza kuzikusanya. Mchakamchaka umo. Na rede imo kabisa! Kukwepa mpira, kuinama, kuchomoka: sijui kwa nini watu huiita mchezo wa kitoto.

Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mimi jioni namsaidia mama kuuza mihogo. Nitafanya saa ngapi?" Swali zuri kuliko yote ya leo. Tukapanga alfajiri, baada ya swala, kabla ya joto la kaskazi, maana hapa kwetu jua likishapanda jasho halikauki. Uani kwao kuna nafasi ya kamba na pushapu za magoti. Ataanza na siku 3 kwa wiki, akizoea ataongeza.

Kesho naenda kwa mkuu wa shule. Jioni uwanja wote ni wa wavulana wa mpira. Nitaomba nusu yake, siku mbili kwa wiki, iwe ya rede. Chokaa ya kuchorea mistari ninayo.